Taa kubwa zimezima ghafla: soma dalili kabla hujanunua globu

Gari la zamani likizima taa usiku, neno la kwanza kila mtu analosema ni "globu". Abiria atalisema, muuza spea atalisema, na fundi wa kijiweni atalisema hata kabla boneti haijafunguka. Globu huungua kweli, na kuibadilisha ni kazi ndogo, ndiyo maana wote wanaikimbilia. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya taa moja kuzima na mbili kuzima, kati ya dimu (mwanga wa chini) na ful (mwanga wa mbali), kati ya kuzima moja kwa moja na kuzima kisha kurudi zenyewe. Ukiyaangalia hayo ukiwa bado umekaa kwenye usukani, washukiwa wanabaki wawili au watatu, na pengine hutahitaji duka kabisa.

Nitashika Toyota za miaka ya 90: Corolla 100 na 110, Hilux na Land Cruiser za enzi hizo, zile zinazotumia globu ya H4 yenye miguu mitatu. Ndizo zimejaa barabarani kwetu, na zina jambo moja kwenye nyaya zao ambalo huwazungusha hata mafundi wazoefu. Mwenye gari la aina nyingine atafaidika pia, ila lile jambo moja alihakikishe kwenye gari lake.

Kwanza, uko barabarani

Taa zikikukatikia kwenye mwendo, toa mguu kwenye mafuta, washa hazadi, halafu vuta mkono wa taa kuja kwako kama unavyompigia mtu ful ya kuomba njia, na uushikilie hapo hapo. Kwenye nyingi ya gari hizi, ful ya kuvuta hupitia kontakti (vijibati vya ndani ya swichi vinavyogusana kupitisha umeme) tofauti na ile ya kuwashia taa. Ikiwaka, una mwanga wa kukutoa barabarani. Kama una foglaiti, ziwashe nazo. Toka nje ya lami kabisa, weka pembetatu mbali nyuma ya gari, na abiria wakae upande wa porini.

Usiendelee kwa taa ndogo huku umemganda basi la mbele. Najua watu hufanya hivyo, hasa kati ya Chalinze na Segera. Basi linakuziba shimo mpaka umeshaliingia, na likiongeza mwendo unabaki gizani katikati ya njia. Kwenye kipande cha Mikumi, ambako barabara kuu ya Zambia inapita ndani ya hifadhi, ni vibaya zaidi, maana nyati hana rifleta.

Kumbuka kitu kimoja tu: ful ya kuvuta iliwaka au haikuwaka? Hicho tayari ni kipimo cha kwanza.

Moto unakuja kwanza, hasi ndiyo inayokatwa

Globu ya H4 ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja: wa dimu wa wati 55 na wa ful wa wati 60. Miguu ni mitatu kwa sababu nyuzi hizo zinashirikiana mguu mmoja. Kwenye magari mengi ya Ulaya, mguu wa pamoja umefungwa kwenye hasi, yaani ethi, na swichi inapeleka moto ama kwenye dimu ama kwenye ful. Toyota nyingi za zamani zimegeuza. Moto unatoka kwenye betri, unapita rilei ya HEAD (swichi ya taa kubwa inayovutwa kwa umeme), unagawanyika kwenye fyuzi mbili (moja ya taa ya kulia, moja ya kushoto), kisha unafika kwenye mguu wa pamoja wa kila globu. Swichi ya kwenye usukani inafanya kazi ya kushusha hasi tu, yaani kuunganisha na hasi ama waya wa dimu ama waya wa ful.

Matokeo yake ni kwamba ukiwasha taa na kuchomeka waya wa kupimia kwenye soketi, unaweza kukuta miguu yote mitatu ina moto wakati globu imechomekwa na swichi imekataa. Fundi asiyejua mpangilio huu anasema "moto upo kote, globu ndiyo mbovu", unanunua globu, na taa haiwaki. Kwenye gari hizi moto kuwepo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kama hasi inashuka.

Taa zote mbili zimekufa, dimu na ful

Angalia kwanza vitu vingine. Dashibodi, honi na indiketa vikiwa vimekufa pia, achana na taa, nenda kwenye vichwa vya betri na fyuzi kubwa iliyo karibu nayo. Kichwa cha betri kilicholegea au chenye unga mweupe huweza kubeba redio lakini kisibebe taa kubwa.

Vingine vyote vikiwa hai, rudi kwenye kile kipimo cha ful ya kuvuta. Ikiwaka, maana yake rilei, fyuzi na globu ni nzima, na tatizo limo kwenye swichi, kwenye ile kontakti ya nafasi ya kuwashia. Isipowaka, mwambie mtu awashe na kuzima taa huku umeweka kidole juu ya rilei ya HEAD kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti. Isipogonga kabisa, inakosa moto wa kuivuta au hasi kutoka kwenye swichi. Ikigonga na taa zikabaki kimya, kontakti zake za ndani zimeungua au moto mkubwa haufiki. Tafuta kwenye boksi hilo hilo rilei yenye namba na miguu ileile, zibadilishane nafasi. Mara nyingine ya honi inalingana. Linganisha kwanza, usichomeke kwa kukisia.

Ukiwa porini na rilei imekufa, waya mnene mfupi unaweza kuunganisha matundu mawili ya kontakti kubwa (kwenye rilei nyingi za Toyota ni namba 3 na 5) ili ufike mjini. Hakikisha fyuzi za taa bado ziko kwenye njia. Ukifika uchomoe, kwa sababu taa zinaweza kubaki zinawaka hata ukizima swichi na kuondoka na ufunguo, na asubuhi utakuta betri imelala.

Dimu zote mbili zimekufa, ful ipo

Hii ndiyo inayoniletea maswali mengi kuliko zote, na jibu lake mara nyingi linamkera muulizaji: dimu hazikufa siku moja. Moja iliungua zamani, labda mwezi uliopita, na mjini kwenye taa za barabarani hukuona kwamba unaendesha chongo. Jana ya pili ikafuata. Dimu ndiyo inayofanya kazi kila usiku, na globu mbili zilizofungwa siku moja huzeeka pamoja. Chomoa globu zote mbili uzitazame kwenye mwanga. Uzi uliokatika unaonekana, na kioo mara nyingi huwa kimeingia weusi.

Zikiwa nzima, basi ni swichi ya usukani, kontakti ya dimu. Kwenye Toyota zenye mpangilio huu, umeme wote wa taa mbili hupita pale unapoelekea hasi. Wati 55 mara mbili kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 9 zikipita kwenye vijibati vidogo kwa miaka 25 au 30. Vinaungua, vinaingia masizi, vinapata joto, na plastiki inayovishika inalegea. Dalili yake ya mapema ni taa kurudi ukiuminya au kuupandisha mkono wa taa kidogo. Fundi makini anaweza kuifungua swichi, kuzisugua kontakti kwa msasa laini sana na kuzibana upya, na utasogea nayo kwa muda. Plastiki ikiwa imeshayeyuka, nunua swichi nyingine. Ya mtumba iliyotoka Japan, ukiipata Gerezani (Dar) au Kirinyaga Road (Nairobi) ikiwa safi, mimi ninaiamini kuliko mpya ya bei rahisi isiyo na jina.

Taa moja hafifu, na kitaa cha bluu kinachungulia

Dalili hii inastahili kutulia nayo. Umewasha dimu. Taa ya kulia inawaka vizuri. Ya kushoto ina wekundu hafifu tu, na kwenye dashibodi kile kitaa cha bluu cha ful kinawaka kwa mbali ingawa hujaweka ful. Watu hufikiri gari limepigwa shoti, na wengine wamebadilishiwa waya za mbele zote kwa ajili ya hili. Kwa kawaida ni fyuzi moja imekatika.

Fuata umeme. Fyuzi ya kushoto imekatika, kwa hiyo moto unafika kwenye globu ya kulia peke yake. Uzi wa dimu wa kulia unawaka kama kawaida. Lakini uzi wa ful wa kulia, ambao muda huo hauna kazi, unapitisha moto hadi kwenye waya wa ful unaounganisha taa zote mbili. Moto huo unaingia globu ya kushoto kinyumenyume, unapita kwenye uzi wake wa ful, unafika mguu wa pamoja ambao hauna moto wake wenyewe, unageukia uzi wa dimu na kushuka hasi. Nyuzi tatu zimepanga foleni kugawana volti 12, kila moja inaambulia kama 4. Ndiyo ule wekundu. Na kwa kuwa waya wa ful sasa hauko kwenye volti kamili, kitaa cha bluu kinapata tofauti kidogo ya volti na kinachungulia.

Badilisha fyuzi yenye namba ileile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha boksi. Fyuzi ikiwa nzima, mguu wa pamoja wa soketi ya upande ule haupati moto: soketi imeungua au waya umekatika kati yake na boksi. Kwenye gari la Ulaya dalili ni hiyohiyo, ila kosa linakuwa ethi ya taa ile, kawaida skrubu yenye kutu kwenye bodi.

Taa moja imekufa dimu tu au ful tu

Ni globu, au ni soketi. Hapa wale waliosema globu wako sahihi. Lakini kabla hujachomeka mpya, tazama soketi kwa karibu. Ivute, ipindue kwenye mwanga. Soketi nzima ni ya rangi moja. Iliyoungua ina kahawia kuzunguka tundu moja, plastiki imevimba na kung'aa pale, na ukiinusa ina harufu kali ya plastiki ya moto. Kile kijibati cha ndani kimepoteza ukakamavu, kwa hiyo mguu wa globu umekaa kwa kulegea, na kulegea kunaleta joto linalozidi kukilegeza. Globu mpya itawaka wiki moja kisha tatizo lirudi.

Kinachoharibu soketi hizi zaidi ni zile globu za wati 100 kwa 90 zinazouzwa kama "za safari". Waya na soketi vilitengenezwa kwa wati 55 na 60, na ukivipitishia karibu mara mbili vinapika. Ukitaka mwanga zaidi, kuna njia ya halali ambayo nitaieleza hapa chini. Soketi ikishaungua, funga ya kauri, kata waya nyuma mpaka ufikie shaba inayong'aa, unga kwa risasi, na ufunike kwa mpira wa kubana kwa joto. Kusokota na kubandika tepu kwenye joto la boneti hakudumu, na kwa walio pwani, Tanga, Dar au Mombasa, chumvi ya hewani huigeuza shaba kuwa kijani ndani ya tepu bila wewe kuona.

Globu mpya usiishike kioo kwa vidole. Mafuta ya mkono yanafanya kioo kipate joto lisilolingana, na inaweza kuungua mapema. Ukiigusa, ifute kwa spiriti. Na urudishe ule mpira wa nyuma ya taa. Mafundi wengi huuacha pembeni kwa sababu unawapa kazi, kisha mvua inaingia na kile kioo cha ndani kinachosukuma mwanga mbele kinababuka. Kikishababuka, taa inawaka lakini haimuliki, na hakuna globu itakayokusaidia.

Zinazima zenyewe, kisha zinarudi

Uliza zinazima wakati gani. Baada ya nusu saa ya kuwaka, halafu zinarudi zikipoa: kontakti za swichi au rilei yenye risasi iliyopasuka ndani. Ukipita kwenye rasta au matuta: kitu kimelegea, soketi, kichwa cha betri, au fyuzi iliyokaa vibaya kwenye nafasi yake. Baada ya kuosha gari au mvua kubwa: maji kwenye soketi au boksi la fyuzi. Gonga rilei kwa mpini wa bisibisi taa zikiwa zinawaka, tingisha mkono wa taa, tingisha mkungu wa waya nyuma ya kila taa, kimoja kimoja. Kitakachofanya taa zipepese ndicho.

Usisahau mikono ya watu. Gari lililofungwa alamu kienyeji au taa za ziada lina maungio yasiyojulikana na mtu yeyote isipokuwa aliyeyafunga. Na panya. Gari lililolala wiki kadhaa uani, fungua boneti utafute waya uliotafunwa kabla ya kufungua swichi.

Fyuzi inakatika kila ukiweka

Usiongeze namba ya fyuzi, wala usifunge waya mahali pake. Fyuzi inakatika ili waya usiungue. Njia nzuri ya kutafuta shoti bila kumaliza boksi zima la fyuzi: chomoa soketi za taa zote mbili, kisha chukua globu ya zamani ya wati 55 ambayo bado inawaka na uiunganishe kwa waya mbili mahali pa fyuzi. Washa taa. Globu hiyo ikiwaka kwa nguvu, moto unagusa bodi mahali fulani. Tingisha waya kidogo kidogo kuanzia boksi kwenda mbele, ukianzia pale panapopita kwenye kona ya bati au karibu na rejeta, hasa kama gari liliwahi kupigwa mbele na kunyooshwa. Globu ikizima, mkono wako uko juu ya shoti. Isipowaka kabisa tangu mwanzo, waya ni mzima. Angalia globu zako na soketi.

Waya wa ful au wa dimu ukigusa bodi kwenye mpangilio huu wa Toyota, fyuzi haikatiki. Ukiwa ni wa ful, unachoona ni ful iliyoganda: unaweka dimu, ful haitoki, na kitaa cha bluu kinakaa pale pale. Swichi italaumiwa bure.

Zinawaka zote, lakini hafifu

Chukua mita, pima betri injini ikiwa inaunguruma na taa zinawaka. Unataka kati ya volti 13.8 na 14.4. Chini ya 13, alteneta haichaji au mkanda unateleza, na ukikanyaga mafuta taa zinaongeza mwanga. Zaidi ya 15, regyuleta (kidhibiti cha chaji ya alteneta) imeharibika, na hiyo ndiyo inayounguza globu moja baada ya nyingine hadi mtu aseme duka linauza feki.

Betri ikiwa sawa, weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye mguu wa pamoja wa globu, taa zikiwaka. Nusu volti ni ya kuvumilika. Volti moja au zaidi inapotea njiani. Kisha pima kutoka hasi ya betri hadi mguu wa dimu, na hapo ndipo swichi iliyochoka inapojionyesha. Mwanga wa globu ya uzi hauteremki sambamba na volti: zikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa takriban asilimia 30. Dawa, na ndiyo ile njia ya halali niliyoisema, ni kufunga rilei karibu na taa, moto ukitoka betri moja kwa moja kwa waya wa milimita mraba 2.5 wenye fyuzi yake karibu na betri, na waya wa zamani ukabaki na kazi ya kuvuta rilei tu. Mwambie fundi mapema kwamba gari linakatwa hasi, vinginevyo ataunga kinyume. Onyo hilohilo ni la globu za LED: nyingi zimetengenezwa kwa mguu wa pamoja kuwa hasi, na kwenye gari hizi zinaweza kukataa kuwaka au kuchanganya dimu na ful.

Kioo cha plastiki kilichogeuka njano kwa jua kisugue kwa msasa wa maji, 800, kisha 1500, kisha 2000, na umalizie kwa polishi na vanishi angavu inayozuia jua. Dawa ya meno inang'arisha kwa wiki chache tu.

Ukishamaliza, elekeza taa

Globu ikitolewa na kurudishwa, au taa ikifunguliwa, mwanga unaweza kuhama. Simamisha gari mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, uweke alama ya urefu wa katikati ya taa. Mstari wa juu wa dimu unapaswa kukaa kama sentimita 5 chini ya alama hiyo, na upande wa kushoto uinuke kidogo ili umulike ukingo wa njia. Skrubu za kurekebisha ziko nyuma ya taa, moja ya juu na chini, nyingine ya pembeni.

Kwa walio Burundi na mashariki ya Kongo, ambako njia ni ya kulia lakini magari ya Japan yenye usukani wa kulia ni mengi, ule mwanga unaopanda kushoto unaingia moja kwa moja machoni mwa anayekuja. Skrubu haiondoi hilo, kwa kuwa umbo la mwanga limejengwa ndani ya taa yenyewe. Inabidi taa zilizotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia.